Mama, mwambie Baba Mkubwa sijaasi

Mama, shikamoo.

Laki tatu ya mabati nimetuma juzi. Mhazini akuandikie risiti, maana saruji ya mwaka jana mpaka leo sijui ilijenga ukuta gani. Mimi mzima. Baridi ipo, kazi ya usiku ipo, usiwaze.

Sasa hili la Baba Mkubwa. Dada Nai kanipigia, eti Sabato iliyopita kasimama kwenye maombi, mbele ya wakwe, akaomba nirudishwe zizini kwa sababu Marekani imenifundisha kumtukana Mama White, yaani Ellen White, nabii wetu sisi Wasabato. Nilimwambia Baba Mkubwa sentensi moja kwenye simu, kuhusu Mama White na mtunzi mmoja Mwingereza, akakata kabla sijamaliza. Naimalizia hapa, umsomee.

Kila harusi anayotoa nasaha, lazima aseme Hawa alianguka kwa kutoka ubavuni mwa mumewe. Ile ya Dada Nai alimnyooshea kidole kabisa, kisa biashara yake ya tangawizi pale Same. Haya, afungue Mwanzo 3. Mstari wa 6 unasema Hawa akampa na mumewe, naye akala. Kutengana bustanini hakumo. Kumo kwenye maandishi ya Mama White, malaika wakimwonya Hawa asimwache Adamu wakiwa kazini. Na kumo kwenye utenzi wa Mwingereza John Milton, Paradise Lost, uliochapwa 1667, miaka 160 kabla Mama White hajazaliwa. Humo Hawa ndiye anayetaka wagawane kazi, Adamu anasitasita, mwisho anamruhusu. Tena kwa Milton na kwa Mama White, Adamu hadanganyiki: anakula kwa macho makavu, hataki kuishi bila Hawa. Shetani naye kwa wote wawili anaanza kwa kumwonea wivu Mwana wa Mungu huko mbinguni. Kwa hiyo Baba Mkubwa amehubiri Milton Upare nzima miaka thelathini bila kujua!

Hilo ndilo nililoandika kwenye insha ya darasani, kurasa ishirini, na mwalimu akasoma mbili mbele ya darasa. Mimi, mtoto wa kule Mamba, Upare, nawafafanulia Wamarekani nabii wao. Wewe ungekuwepo ungepiga vigelegele.

Wala sijasema Mama White aliiba. Mwambie hilo mara mbili. Nimefika Battle Creek, Michigan, mpaka kaburini kwake, nikavua kofia na theluji inaanguka. Maono yake ya pambano kuu, la Kristo na Shetani, aliyapata Machi 1858 huko Ohio, kwenye mazishi. Familia yake ilisimulia kwamba mhubiri mwenzake, J. N. Andrews, alipomsikia akieleza aliyoonyeshwa, alimuuliza kama amewahi kusoma Milton. Akasema hapana. Andrews akamletea kitabu, naye akakipandisha kwenye rafu ya juu bila kukifungua, asije akakisoma kabla hajamaliza kuandika. (Chuo cha kanisa kule Berrien Springs kina jina la huyo huyo Andrews.)

Niliposoma habari ya ile rafu nililikumbuka kabati la marehemu Baba, Nyimbo za Kristo ziko juu kabisa, na sisi tunapanda juu ya kinu kuzifikia. Nikasikia harufu ya makande ya Ijumaa jioni. Nilitoka nje kidogo, nikarudi.

Mimi naamini hakukifungua. Ila Bibi yetu hakujua hata herufi moja, na nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Alizipata wapi? Alizisikia. Milton naye enzi hizo Marekani alikuwa kwenye nyumba nyingi na kwenye midomo ya wahubiri. Binti aliyekulia katika mahubiri hahitaji kushika kitabu. Milton mwenyewe alikuwa kipofu alipoutunga ule utenzi, watu wakimwandikia anavyotamka. Mungu akitaka kusema na mtu atatumia maneno ambayo mtu huyo anayo tayari. Angetumia ya nani? Hapo ndipo Baba Mkubwa alipokata simu.

Na Mama, nisikufiche. Dada Nai anasema wiki hiyo hiyo ya maombi masale ya kule bondeni, yale ya mpaka wa shamba, yalisogea hatua tatu kuja upande wetu. Mtu akishatangazwa kuwa ameasi, nani atamuuliza habari ya shamba lake? Nai apige picha kabla mvua haijaanza, na kinu kionekane, ili nijue pa kuanzia kuhesabu.

Soksi za sufu ulizonifumia ndizo navaa kazini.

Mwanao.