Pafu la Mama

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima, mengine baadaye, maana ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi.

Unauliza kwa nini Mama hajawekewa mpira wa kifuani kama Rashidi, ilhali wote wameambiwa "pafu limesinyaa". Ndugu yangu, usigombane na madaktari kabla hujamaliza kunisoma. Wale wawili hawaumwi kitu kimoja.

Rashidi alikuwa na nimothoraksi. Hewa ilivuja kutoka kwenye pafu ikajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ikalibana kwa nje. Huwapata sana vijana warefu wembamba, hata bila kuumia popote, na sigara huongeza hatari. Mpira ulikuwa wa kuitoa hewa ile. Unakumbuka mapovu kwenye chupa ya maji chini ya kitanda chake? Mama, kwa ulivyonieleza, ana atelektasisi. Vifuko vya hewa vimejifunga vyenyewe ndani ya pafu, kwa kuwa tangu apasuliwe tumbo anapumua juujuu akiogopa maumivu, na makohozi yanaziba njia. Mpira ungetoa nini hapo?

Mwombe daktari akuonyeshe eksirei. Ya Rashidi ilikuwa na mstari mwembamba, ukingo wa pafu, na nje ya mstari weusi mtupu. Ya Mama mara nyingi huwa na weupe mahali palipojifunga, na kama sehemu ni kubwa, hata bomba la hewa huvutwa upande huo. Daktari akigonga kifua kwa vidole, palipojaa hewa hulia kama ngoma. Kwa Mama mlio utakuwa mzito, umefifia.

Anachohitaji ni dawa ya maumivu ya kutosha, kukaa, kuvuta pumzi ndefu, na kukohoa huku amekumbatia mto juu ya mshono. Zuhura anayetaka alale chali apumzike, tafadhali mkatalie kwa upole. Makohozi yakigoma, wanaweza kupitisha kamera wayavute. Ila akianza kuhema ghafla au midomo ikawa ya bluu, ita muuguzi papo hapo, usinisubiri mimi.

Sasa nijibu upesi: ana homa? Anakohoa makohozi ya rangi gani? Oksijeni inasoma ngapi? Ameshasimama hata mara moja tangu upasuaji? Na wewe, nani anakupokea usiku ukalale?

Wako,
Salma