Barua kwa mwanangu: nimesimama katika ukumbi lilimotajwa fuvu la Kalenga

Paris, Jumatano usiku

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naipokea kabisa. Bibi hajambo? Mwambie dawa ya presha asiiruke, hata kama anajisikia mzima.

Leo mama yako mdogo aliomba ruhusa kazini akanipeleka Versailles, kwenye kasri la wafalme wa Ufaransa. Ni kama kilomita 20 kutoka Paris. Unapanda treni, unashuka kituo cha mwisho. Nilifunga chapati na mayai ya kuchemsha, maana nilipotajiwa bei ya chai ya huko nilijua sitainywa. "Dada, utanitia aibu," akasema. Ilipofika saa saba mchana alikula tatu.

Tulipanga foleni juu ya mawe ya uwanjani hadi viatu vyangu vipya vikanichubua kisigino, mbele yetu lango la dhahabu linang'aa kiasi kwamba unafumba macho. Hapo zamani palikuwa na nyumba ya kuwindia tu, aliyoijenga Louis wa 13 mwaka 1623. Mwanawe, Louis wa 14, alirithi kiti akiwa na miaka minne, akakikalia miaka 72, na ndiye aliyeigeuza nyumba ile kuwa hili jumba lenye vyumba 2,300. Mwaka 1682 akaihamishia serikali yake yote hapo, pamoja na mabwana wakubwa wa nchi. Alikuwa mjanja yule mzee. Bwana mkubwa akikaa kwake mbali, anapika njama. Akikaa kwako, anagombania kukushikia mshumaa unapokwenda kulala. Sikutanii. Kushika mshumaa wa mfalme usiku ilikuwa heshima ya kuonewa wivu.

Bustani zake ungezipenda. Aliyezipanga ni André Le Nôtre, na kila kitu kimenyooka kama kimepigwa rula: miti, njia, hata maji. Kuna mfereji mkubwa wa urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, watu wanapiga makasia humo. Tulikaa ukingoni nikavua viatu. Chemchemi nyingi leo zilikuwa zimefungwa, na hapo mama yako mdogo akanisimulia jambo likanichekesha mpaka Wazungu wakageuka. Mfalme alijengewa mtambo wa magurudumu 14 mtoni Seine ili kupandisha maji, na bado hayakutosha. Basi mafundi wa maji walikuwa wakivizia: mfalme akikaribia chemchemi fulani, mmoja anapiga mluzi, mwenzake anafungua, akishapita, wanafunga, wanakimbilia ya mbele. Mfalme wa Ufaransa, mwanangu, maji ya mgao! Nikamkumbuka jirani yetu saa tisa za usiku, "Maji yametokaaa!", na mtaa mzima nje na ndoo.

Lakini nilichokaa kukuandikia ni Ukumbi wa Vioo.

Una urefu wa mita 73. Upande mmoja madirisha 17 yanatazama bustani, upande wa pili matao 17 ya vioo, vipande 357 kwa jumla, enzi ambazo kioo kilikuwa mali ya mfalme kweli. Vingine vimezeeka, vina madoa ya kijivu, ukijitazama unajiona kama mtu aliye chini ya maji. Dari lote ni michoro ya kumsifu Louis. Watu walikuwa wanajipiga picha. Mimi nilisimama katikati, mkoba kifuani, nikakuwaza wewe siku ile uliyorudi na wenzako kutoka makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa. Umeliona fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwenye kioo chake, ugali hukuugusa, ukaniuliza, "Mama, alikuwa ameshajipiga risasi, ameshakufa. Kichwa walikitaka cha nini?" Nikakwambia ulale, kesho shule.

Haikuwa haki kukujibu vile. Kichwa kile kilikuwa na bei: Wajerumani walitangaza rupia 5,000. Mkwawa alikuwa amewapiga Lugalo mwaka 1891 na kumuua kamanda wao, wakamwinda mpaka 1898. Alipojiua ili wasimkamate, wakamkata kichwa, fuvu likaenda Ujerumani.

Sasa sikiliza. Tarehe 28 Juni 1919, katika ukumbi huohuo niliosimama, Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza. Humo ndimo walimopokonywa makoloni yote. Sisi tukaangukia kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji. Hakuna mtu wa kwetu aliyeulizwa. Ila ndani ya mkataba huo, katikati ya mipaka na fidia za mataifa makubwa, kuna kifungu cha 246 kinachomtaja Sultani Mkwawa kwa jina: fuvu lake likabidhiwe serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Usidhani ni huruma. Mwingereza alitaka Wahehe waone kwamba Mjerumani kaondoka kweli.

Miezi sita hiyo ikawa miaka 35. Gavana Twining wa Tanganyika alilifuata hadi jumba la makumbusho la Bremen, na mwaka 1954 likarudi Kalenga, akalipokea Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Nilitafuta ukutani kama wameandika lolote kuhusu Mkwawa. Sikuona. Mlinzi mmoja mama wa makamo aliniona nazungukazunguka akaniuliza, mama yako mdogo akatafsiri. Nikamweleza yote, kifungu na fuvu. Akasikiliza hadi mwisho, akaniomba nimwandikie jina kwenye karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa, MKWAWA, akalisoma taratibu mara mbili, la pili akalipatia, akakunja karatasi akaitia mfukoni.

Nafika Jumapili, basi la asubuhi kutoka Dar. Usije stendi, una mtihani Jumatatu. Na maji yakitoka, ujaze pia lile pipa la nyuma, si ndoo tu.

Mama yako