Majibu ya vipimo vya maji yarudishwe vijijini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utafiti wa kemia ya maji unaofanywa na vyuo vikuu kwa ushirikiano huku Arusha, na hasa wajibu mmoja ambao haupaswi kuachwa mradi unapofungwa.

Maji mengi ya chini ya Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi kwa kuwa hupita katika miamba iliyotokana na volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Tanzania nayo imekifuata baada ya kuruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi. Meno ya kahawia ya watoto wetu kila mtu anayaona. Mifupa inayopinda ni mateso makubwa zaidi.

Wataalamu hawajatusahau, nami nawashukuru kwa dhati. Kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimeshughulikia uchujaji kwa mkaa wa mifupa kwa muda mrefu, na Taasisi ya Nelson Mandela ya hapa Arusha ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia, pamoja na washirika wa Kenya na Ethiopia, katika mradi wa FLOWERED uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya.

Hata hivyo, chujio peke yake halitoshi. Mkaa wa mifupa hunasa floraidi kwa sababu madini ya mfupa hubadilishana nayo, lakini nafasi za kuinasa zikishajaa, maji hupita na sumu yake yote huku yakionekana maangavu na yasiyo na ladha yoyote ya kumtahadharisha mnywaji. Kuyachemsha nako ni kuongeza tatizo, kwa kuwa mvuke huondoka na floraidi hubaki katika maji yaliyopungua. Mama mwenye chujio jikoni hawezi kujua kuwa mkaa umechoka ila kwa kipimo, na kipimo hicho kiko maabara ya chuo. Vivyo hivyo kwa magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi: watafiti wamekwisha kuyapima na kukuta mengine yana floraidi nyingi, lakini ni wapishi wangapi waliowahi kuambiwa?

Kwa hiyo naomba kila mradi unaochota sampuli kisimani urudishe majibu kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji na shule iliyo jirani, yakionyesha tarehe na kiwango kilichopatikana, bila kusubiri makala itoke kwenye jarida la kitaaluma. Aidha, wanafunzi wa kemia wa vyuo vikuu wanapokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo wapangiwe shule za sekondari za Arumeru, wawafundishe walimu na wanafunzi kupima maji, na chuo kiendelee kuwapelekea kemikali za kusahihishia kipimo, kwani bila hizo kifaa hutoa namba zisizoaminika.

Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti nchini. Naiomba iandike sharti la kurudisha majibu ndani ya kibali chenyewe, na mtafiti anapoomba kibali kingine aulizwe kwanza ni vijiji vipi vimepokea majibu ya kile cha awali.

Mwalimu wa Kemia,
Arumeru