Choo cha sokoni kinatuumiza figo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi akina mama wa sokoni tunalisema kwa kunong'onezana tu. Nauza nyanya na mlenda mkavu kwenye soko moja hapa Dodoma mjini. Nafika alfajiri, naondoka magharibi. Choo kipo, lakini ni shilingi 200 kila ukiingia, na maji ya kunawa mara nyingi hamna. Meza nayo unamwachia nani? Basi tumejizoeza: asubuhi kikombe kimoja cha chai, halafu hatugusi maji hadi jua lizame. Kwa upepo wa Septemba unaopasua midomo, mkojo unatoka kidogo, umeiva kama chai ya rangi.

Mwaka jana nilianza kuungua nikikojoa. Mkojo unanibana kila saa, nikienda yanatoka matone. Duka la dawa wakaniambia, "Hiyo ni yutiai," yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakanipa sipro, dawa ya kuua bakteria, bila kipimo chochote. Ikatulia, ikarudi, nikanunua tena. Mgongo ulipoanza kuuma nikaongeza diklofenaki, dawa ya maumivu, nikidhani ni kubeba matenga. Mara ya tatu homa ikapanda, natetemeka ndani ya blanketi, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Wifi yangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Mkojo ukaoteshwa maabara kuona ni bakteria gani na dawa gani inawaua, majibu yakatoka baada ya siku tatu: wale bakteria sipro haiwawezi tena, na walikuwa wameshapanda hadi kwenye figo.

Daktari alikunja ngumi: figo moja ni kama hivi. Zote mbili huchuja lita 180 hivi za majimaji ya damu kwa siku, karibu zote zinarudi mwilini, na kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndio mkojo. Huo mkojo ndio unaowasukuma bakteria nje. Ukiubana kutwa nzima wanazaliana kibofuni, na njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, hawachelewi kuingia. Diklofenaki ndiyo iliyomkasirisha zaidi. Alisema mwili ukiwa umekauka, dawa ile inapunguza damu inayokwenda kwenye figo.

Tangu 2018 figo zinapandikizwa hapahapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na ninajivunia sana hilo. Ndiyo maana inaniuma kwamba katika mji huohuo mama anashindwa kunywa maji kwa kuogopa choo.

Ushuru tunalipa kila siku. Naomba wanaosimamia masoko wauhesabu pamoja na choo, wafanyabiashara tuingie bure, na bomba litoe maji. Wenye maduka ya dawa nao, mtu akiwafuata na tatizo hilo, mwambieni kwanza akapime mkojo.

Binti yangu ana miaka 19, ameanza kuuza nami mwaka huu. Juzi saa saba mchana nilimpa chupa ya maji. Akaiweka chini ya meza bila kuifungua.

Muuza mboga,
Dodoma