Inspekta Zenigata hastahili kuchekwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu maofisa wa Interpol, shirika la ushirikiano wa polisi wa kimataifa, katika anime, yaani katuni za Kijapani. Kila mazungumzo yanapomfikia Inspekta Zenigata wa anime ya Lupin III, watu huishia kucheka: koti lake, pingu zake, na jinsi mwizi anayemsaka, Lupin, anavyomponyoka kila siku. Mimi namheshimu, na nina sababu.

Ni kweli kwamba waandishi wamempa mamlaka ambayo mtu wa Interpol hana. Tangu anime hiyo ilipoanza kurushwa mwaka 1971, Zenigata hutua katika nchi za watu akakimbiza mhalifu kana kwamba yuko Tokyo. Interpol yenyewe, yenye makao makuu Lyon, Ufaransa, haina askari wa kukamata mtu. Ina nchi wanachama 196, na kila nchi ina ofisi inayounganisha polisi wake na wenzao wa nje. Hata notisi nyekundu inayovuma kwenye habari ni ombi tu la kumtafuta mtu na kumzuia. Anayemtia mtu pingu ni polisi wa nchi aliko, kwa sheria za nchi hiyo. Kijana aliyekulia kwenye katuni asipoelezwa hili, atabaki kuuliza kwa nini Interpol "hawaendi kumchukua" mtuhumiwa aliyekimbilia nje.

Lakini tazameni The Castle of Cagliostro, filamu ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Hayao Miyazaki. Zenigata, akiwa amenaswa chini ya ngome pamoja na Lupin huyohuyo, anakuta mitambo ya kuchapa noti bandia. Mwenye ngome ndiye mtawala wa nchi. Zenigata anapeleka habari Interpol, na wajumbe wa mataifa wanaanza kutupiana lawama hadi suala zima linazama kwenye siasa. Anaambiwa aachane nalo.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nimtetee. Hana ruhusa ya kumgusa mtawala yule, ila ana ruhusa ya kumfukuza Lupin. Basi anarudi ngomeni kwa kisingizio cha Lupin, kamera ya televisheni ikimfuata nyuma, anateremka hadi kwenye mitambo na kujifanya ameikuta kwa bahati. Dunia nzima inaiona. Hakuvunja agizo hata moja, wala hakukubali uhalifu ufichwe. Hapo sioni mtu wa kuchekesha. Naona askari anayeujua mpaka wa kazi yake na kuutumia wote.

Anime nyingine, Death Note, iliyorushwa kuanzia mwaka 2006, nayo ina mkutano wa Interpol uliojaa kelele na mabishano. Hata L, anayesifiwa kuwa mpelelezi bora duniani, anaanza kwa kuomba ushirikiano wa polisi wa Japani. Na maajenti 12 wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wanapoingia Japani kwa siri, polisi wa Japani wanakasirika kugundua kuwa ni wao wenyewe waliokuwa wakichunguzwa. Hasira hiyo ina haki. Kuingia nchi ya watu kufanya upelelezi bila kubisha hodi ni jambo zito, na anime hii haikulipuuza.

Nawaomba wanaoandika kuhusu filamu katika kurasa zenu wasiishie kwenye pingu na vichekesho. Waeleze Zenigata anaruhusiwa nini na anakatazwa nini, kisha wasomaji waitazame upya ile safari yake ya kurudi ngomeni.

Msomaji wenu,
Morogoro