Nyatiti na isukuti hazipangwi kwa mtindo mmoja

Mhariri,

Katika tamasha za hapa Kisumu, nyatiti (ala ya nyuzi) na isukuti (ngoma za kuchezwa) hupandishwa jukwaa moja kwa maikrofoni zilezile, na nyatiti ndiyo inayoumia.

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi 8 na mpigaji mmoja tu, aketiye kwenye kigoda. Huku akiimba, anachezesha njuga mguuni na kugonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu. Maikrofoni ya mdomoni pekee haitoshi. Ya pili iwekwe shibiri moja kutoka kwenye ngozi iliyowambwa kwenye ala, isiielekee ile pete, la sivyo tutasikia chuma kitupu.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ni ngoma 3 (kubwa, ya kati na ndogo), pembe na njuga. Hiyo haitaki jukwaa; iwe chini, watu waizunguke wakicheza. Ngozi ikiingia unyevu hulegea, kwa hiyo ipashwe joto kwanza.

Na tafadhali, nyatiti itangulie. Masikio yakishazoea kishindo cha isukuti, nyuzi hazisikiki tena.

Mpenzi wa ngoma,
Kisumu