Risala ya wafugaji wa kuku wa Chanika kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Chanika.

Kikundi chetu kilianza na akina mama wachache wenye vibanda vya uani. Leo tuna kuku wa nyama na wa mayai, tuna mfuko wa kukopeshana, na sifa zetu zimefika hadi soko la Shekilango. Haya ni mapinduzi makubwa, Mheshimiwa, nasi tunajivunia.

Kinachotuumiza ni dawa zisizotibu. Vifaranga wakizubaa, mabawa yakishuka na kinyesi kikiganda nyuma, mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo na kupewa oksitetrasaiklini, antibayotiki ya kupambana na bakteria. Isipofaa anapewa antibayotiki nyingine, enrofloksasini, isipofaa anachanganya zote kwenye maji. Kuku wanakufa, bakteria waliozoea dawa, wa E. koli na salmonela, wanabaki na kuzaliana. Na pengine ugonjwa ulikuwa kideri, ambacho ni cha virusi na antibayotiki haikigusi kabisa. Hasara haiishii bandani. Enrofloksasini ni ndugu wa siprofloksasini tunayoandikiwa hospitali, na vimelea sugu vya kuku humfikia mchinjaji, mpishi na mlaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njia ni kupima kwanza. Maabara ya serikali ya mifugo ipo Temeke, ambako vimelea huoteshwa ili ijulikane dawa ipi bado inavizuia. Lakini sampuli ikizungushwa juani kwenye daladala, inafika imeharibika. Kwa hiyo, katika hafla kama hii, tuliahidiwa jokofu, makasha ya barafu na mtaalamu wa kuja kuchukua sampuli kila wiki. Tulishangilia kwa dhati. Tukatenga chumba, tukakipaka rangi, tukavuta umeme. Hadi leo chumbani humo kuna meza tupu. Barua za kukumbushia tumeandika, nakala zimo kwenye jalada ulilokabidhiwa, na majibu ni yale yale: suala linafanyiwa kazi.

Tunathamini sana moyo wa waliotutangulizia ahadi, lakini kuku hawangoji. Hatuombi jengo wala semina nyingine. Tunaomba jokofu, makasha na mtaalamu huyo, na kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba utamke leo, mbele ya wanachama, tarehe ya kuvipata na ofisi tutakayoifuatilia.

Kabla ya chakula, tafadhali pita ukione chumba. Ufunguo anao mweka hazina.

Naomba kuwasilisha.